Usiupe Upanga Jina Kabla Hujausoma

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wapenzi wa silaha za kale. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha tu ndizo zimebaki ukumbini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeingia humu nikaona vitu virefu vimefungwa kwa mashuka na magunia, vimeegemezwa ukutani. Moyo umenidunda. Na kabla sijafika hapa mbele nimeshikwa mkono mara nne, na wote wanne wameniuliza swali moja: "Mwalimu, huu upanga ni wa nchi gani?"

Ndugu zangu, swali hilo ni jema, ila ndani yake yamejificha maswali matatu. Bapa, yaani chuma chenyewe chenye makali, lilifuliwa wapi? Jeshi gani liliuagiza? Nani aliubeba? Majibu yanaweza kuwa nchi moja. Yanaweza pia kuwa nchi tatu. Anayejibu kwa neno moja kabla hajautoa upanga alani, huyo anabahatisha, hata kama ameishi na panga miaka thelathini.

Nianze na kisa. Kaka mmoja aliniletea kitara, yaani upanga uliopinda wa askari wapanda farasi. Alikuja amekasirika. Kinga ya mkono ilikuwa ya shaba ya manjano yenye matawi matatu, mpini umevikwa ngozi nyeusi na kuzungushiwa waya, ala ni ya chuma yenye pete mbili. Mtu wa kwanza aliyemwonyesha alimwambia ni cha Kifaransa. Wa pili akaapa ni cha Kijerumani. Yeye akaniuliza, "Sasa kati ya hawa wawili, nani mwongo?"

Hapakuwa na mwongo. Yule wa kwanza alitazama kinga akakumbuka kitara cha wapanda farasi wepesi wa Ufaransa cha mwaka 1822, na kweli vinafanana. Yule wa pili alitazama chini kidogo ya kinga, pale bapa linapoanza, akaona herufi mbili, S na K. Hizo ni herufi za Schnitzler na Kirschbaum, wafua panga wa Solingen, Ujerumani. Kila mmoja alishika ukweli wake akaishia hapo.

Mimi nilikigeuza nikasoma mgongo. Mnajua mgongo? Ule upande butu wa bapa, ulio kinyume na makali. Viwanda vya serikali ya Ufaransa vilikuwa na desturi ya kuandika mgongoni jina la kiwanda na tarehe, kwa herufi za mkono zilizochongwa vizuri. Huu wa kaka yangu ulikuwa mtupu. Hakuna hata nukta. Basi kimetengenezwa kwa umbo la Kifaransa, lakini hakikutoka kiwanda cha serikali ya Ufaransa. Nani mwingine alilipenda umbo hilo? Marekani. Jeshi la Marekani liliiga kitara hicho cha 1822, likakifanya chake mwaka 1840, na miongoni mwa waliolifulia ni hao hao Schnitzler na Kirschbaum. Ni kizito mkononi hata kikabaki na jina la utani: mvunja kifundo cha mkono. Kishike dakika mbili ukiwa umenyoosha mkono, utajua jina hilo halikuja bure.

Umbo la Ufaransa. Chuma cha Ujerumani. Jeshi la Marekani. Kitara kimoja! Kaka yule alikaa kimya, halafu akacheka, akakipakata kama mtoto.

Ndiyo maana nasema: neno "Solingen" kwenye bapa halikwambii upanga ni wa Kijerumani. Linakwambia bapa lilifuliwa Solingen, basi. Mji ule uliuzia dunia. Wakati wa malkia Victoria wako maafisa wa Uingereza walionunua panga zao kwa mafundi cherehani walewale waliowashonea sare, na mabapa mengine ya panga hizo yalikuwa ya Solingen. Ukiona taji na herufi VR kwenye kinga, na Solingen kwenye bapa, usiseme kimoja kimeghushiwa. Vyote viwili vinasema kweli.

Na majina ya watu je? Hayo ndiyo hatari zaidi. Panga nyingi za Scotland, zile zenye kinga kama kikapu, zimepigwa jina Andrea Ferara. Mtu huyo alikuwepo kweli: mfua panga wa Belluno, kaskazini mwa Italia, karne ya 16. Lakini mabapa yenye jina lake yaliendelea kutoka Solingen karne ya 17 na ya 18, yeye akiwa kaburini zamani. Jina lilikuwa sifa ya chuma, kama kusema "hiki ni kizuri". Waliozinunua panga hizo walilielewa hivyo. Sisi wa leo ndio tunaolisoma kama saini.

Hata umbo la mpini halina uraia. Tazameni mpini uliopinda kama kichwa cha ndege, usio na kinga ya vidole, una mwamba mmoja tu uliokingama. Ukiuona utasema Mturuki, Mwarabu, Mmisri. Na asili yake ni huko kweli, kwa Mamluki, wale askari waliotawala Misri. Baada ya vita vya Misri vya 1798 hadi 1801, maafisa wa Ulaya waliupenda mpini huo wakauchukua. Uingereza ikaufanya rasmi kwa majenerali wake mwaka 1831. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, wale waitwao Marines, walishatangulia, mwaka 1825, na maafisa wao wanauvaa mpaka leo.

Wala si Ulaya peke yake iliyochukua. Kuna kitara cha Uingereza cha mwaka 1796, cha wapanda farasi wepesi. Aliyekibuni ni John Gaspard Le Marchant, afisa aliyeona vita vya Flanders na kusikitishwa na silaha walizopewa wapanda farasi. Bapa lake lina sentimita 84 hivi, limepinda sana, na likikaribia ncha linapanuka badala ya kusinyaa. Ukikiinua unahisi kinataka kushuka chenyewe. Prussia, ufalme wa Wajerumani, ikakiiga mwaka 1811. India kikapendwa mno. Mabapa ya Uingereza yakavuliwa mipini yake na kuvishwa mipini ya talwar, ule upanga uliopinda wa India, mipini ya chuma yenye kisahani cha duara mwishoni. Mtu anakuletea kitu hicho anakwambia, "Ni cha India." Ni cha India, ndiyo. Na bapa lake lilifuliwa Birmingham. Utamnyang'anya historia ipi kati ya hizo mbili?

Ndugu zangu, nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Sasa twende kwenye mgongo.

Nina mzee mmoja, Mungu ampe umri, ambaye nyumbani kwake kulikuwa na "upanga wa jenerali". Watoto wake wameukuta, wajukuu wameukuta, umetundikwa ukutani juu ya kabati. Akanialika niusome. Nikaushusha. Mpini wa shaba tupu, una matuta matuta mithili ya mgongo wa mamba. Bapa la sentimita 57 hivi, lina mipindo miwili, linashuka kisha linainuka, wenyewe huuita mtindo wa yatagani. Zuri! Lakini kwenye mwamba wa kinga, upande wa juu, pana tundu la duara ambalo kidole changu cha shahada kilipita bila shida. Nikaubonyeza mpini, nikakuta kitufe chenye springi. Mgongoni mwa mpini pana mfereji.

Tundu la nini hilo? Kuna jenerali anayehitaji tundu kwenye upanga wake?

Lile ni tundu la kupitisha mdomo wa bunduki. Haukuwa upanga. Ilikuwa singe, singe ya bunduki ya Chassepot ya Ufaransa ya mwaka 1866. Nilimwambia mzee taratibu, nikaona uso wake umeanguka. Nikamwomba taa na kioo cha kukuzia. Tukasoma mgongo pamoja, neno kwa neno, yeye ameshika taa mimi nimeshika kioo: kiwanda cha kifalme cha Saint-Étienne, Agosti 1868. Mzee akauliza, "Mpaka mwezi?" Mpaka mwezi, mzee wangu. Neno lililochongwa pale lilikuwa "Impale", kifupisho cha kusema kiwanda ni cha mfalme mkuu, Napoleon wa Tatu. Milki yake ilianguka Septemba 1870. Hata kama tarehe ingefutika, neno lile peke yake lingetuambia singe imetoka kabla ya hapo. Nasikia sasa imeshushwa ukutani, wajukuu wanaruhusiwa kuusoma mgongo kwa kioo.

Kumbukeni hilo kwa panga za Ufaransa zote: serikali ilipobadilika, jina la kiwanda lilibadilika. Wakati wa mfalme kiliitwa Royale, wakati wa jamhuri Nationale, wakati wa milki Impériale. Na mahali pia ni saa. Klingenthal, kule Alsace, kilifua tangu 1730. Mwaka 1819 ikaamriwa kijengwe kiwanda kipya Châtellerault, mbali na mpaka, na kazi ikahamia huko. Bapa la jeshi lenye Châtellerault haliwezi kuwa lilipigana na Napoleon wa Kwanza, hata aliyekuuzia aape vipi.

Wajerumani nao wana mgongo wao. Tafuta taji dogo, chini yake herufi W, chini yake tarakimu mbili. W ni Wilhelm, tarakimu ni mwaka: 91 ni 1891, 15 ni 1915. Ila msikimbilie Prussia moja kwa moja, maana Württemberg nayo kuanzia 1891 ilikuwa na mfalme wake aitwaye Wilhelm. Ndipo unapoigeukia kinga, ambako mara nyingi wamepiga herufi na nambari za kikosi: rejimenti, kombania, nambari ya silaha. Hapo unakaribia kumjua askari.

Uingereza, tazama herufi za mfalme. VR ni Victoria, 1837 hadi 1901. ER na VII ni Edward, mpaka 1910. GR na V ni George, mpaka 1936. Kwenye silaha za askari wa kawaida tafuta kimshale. Kikiwa na BO, ni ile bodi ya silaha iliyofutwa mwaka 1855. Kikiwa na WD, ni idara ya vita iliyochukua kazi yake. Ukikuta ISD, silaha ilinunuliwa kwa ajili ya majeshi ya India. Na kama upanga wa afisa ni wa Wilkinson wa London, usome mgongo mpaka uione nambari. Kampuni ile iliweka madaftari kuanzia miaka ya 1850, nambari kwa nambari, na kwa nambari hiyo watafiti hupata mwaka na mara nyingi hata jina la afisa aliyeununua. Tarakimu tano zilizofifia, na nyuma yake mtu mzima mwenye jina! Mimi kila mara mwili hunisisimka.

Sasa nasikia mtu pale nyuma ananong'ona: "Na za bandia?" Nitazipitia upesi, maana dalili zake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Upanga bandia una nakshi nyingi, una tai, simba na taji, na mwenye kuuza anaongea sana. Wewe usimsikilize, pima unene. Bapa la kweli la kitara cha vita linaanza nene pale kwenye kinga, milimita 8 au 9 mgongoni, linapungua, linapungua, mpaka karibu na ncha limebaki milimita 2 au 3. Mfua chuma alilipunguza hivyo ili silaha iwe hai mkononi. Bandia nyingi zimekatwa kwenye bati la unene mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana zinakaa mkononi kama nondo. Kisha tazama mwisho wa mpini: msuka, ile sehemu ya chuma inayopita ndani ya mpini, umepigwa nyundo ukalala kama kichwa cha ribiti, au umefungwa nati mpya inayong'aa? Tazama shaba: ina vishimo vya mapovu kila mahali? Na kama neno "India" limeandikwa kwenye bapa kwa herufi za Kiingereza, jueni kwamba sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za nje kuandikwa nchi zilikotoka. Mpiganaji wa karne ya 18 hakuwa na haja ya kuandikiwa hilo.

Na tafadhali, ule mfereji unaokimbia ubavuni mwa bapa, acheni kuuita mfereji wa damu. Kazi yake ni kupunguza uzito bila kulifanya bapa lilegee. Basi.

Nimebakiza jambo moja, na hili nalisema kwa uchungu.

Alinijia kijana mwenye upanga wa Kijapani. Babu yake aliurudisha kutoka vitani. Kijana mwenyewe ana adabu, ana bidii, na alitaka kunifurahisha. Alijua kwamba panga za Japani husomwa msukani. Akakichomoa kile kijiti cha mwanzi kinachoushika mpini, wenyewe hukiita mekugi, akauvua mpini salama kabisa. Mpaka hapo kafanya sawa. Kisha akaukuta msuka mweusi kwa kutu. Akachukua msasa.

Alipoufungua mbele yangu msuka ulikuwa unang'aa kama kijiko. Nusura nilie. Kutu ile nyeusi, nzito, ya vizazi, ndiyo ushahidi wa umri. Mabingwa wa Japani hutazama rangi yake, wanatazama mikwaruzo ya tupa ya mfuaji, wanatazama saini. Saini ya upanga ule ilikuwa imebaki kivuli. Tuliinamisha taa kila upande tukapata alama moja na nusu ya pili. Kijana akaniuliza, "Kwa hiyo nimeufuta?" Ningemjibu nini? Nilimwambia tusome kilichobaki.

Na kilichobaki kilikuwa kingi. Mavazi ya upanga, yaani mpini, kinga na ala, yalikuwa ya jeshi, ya mtindo uliotolewa mwaka 1934. Lakini mtindo ule ni vazi tu. Maafisa wengi walilivika bapa la ukoo, lililokaa nyumbani tangu kabla ya amri ya 1876 iliyokataza raia kuvaa panga. Mpini ulikuwa wa mti uliovikwa ngozi ya samaki aitwaye taa na kufumwa kwa utepe. Ungekuwa wa aluminiamu iliyomiminwa ikapakwa rangi ifanane na utepe, na bapa lina nambari iliyopigwa karibu na kinga, tungejua ni ule wa 1935 wa masajini, uliotoka kiwandani. Haukuwa huo. Msuka wenyewe ulikuwa na tundu mbili za kijiti badala ya moja, dalili kwamba bapa liliwahi kuvikwa mpini mwingine. Na upande yalipokaa yale mabaki ya saini ulitusaidia pia, maana saini kwa kawaida hutazama nje upanga ukivaliwa. Panga ndefu za Japani zina namna mbili za kuvaliwa: tachi huning'inizwa makali chini, katana huchomekwa kiunoni makali juu, kwa hiyo pande za saini hupishana. Ule ulikuwa katana. Vazi la jeshi la mtindo wa tachi, bapa la katana. Lilikuwa na maisha mengine kabla ya vita ile.

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, ndugu zangu. Weupe huo mnaoutafuta kwa msasa hauna kitu ndani yake. Msisugue msuka. Msisugue shaba ya maafisa, kuna dhahabu nyembamba juu yake ambayo haitarudi, na zipo nambari za vikosi zilizopigwa juujuu tu. Kitambaa laini, mafuta mepesi kidogo kwenye bapa, na vidole vyenu viwe mbali na chuma, kwa maana jasho huanza kula usiku uleule. Ikibidi kuvua mpini na hujawahi, usivue. Mpelekee anayejua.

Mama yangu uliyekaa mstari wa mbele, wewe uliyenishika mkono wa kwanza pale mlangoni, naomba ulete upanga wako hapa mezani. Kaka, msaidie mama kuufungua. Taratibu. Asante.

Usiutoe bado. Kwanza ala. Wote mnaona? Chuma, pete mbili, na hapa karibu na mdomo ipo nambari. Andikeni nambari hiyo, tutaitafuta tena kwenye kinga tuone kama viwili hivi vilizaliwa pamoja. Haya, mama, vuta mwenyewe, ni wako. Geuza mgongo uje kwenye mwanga. Pana maandishi. Nani mwenye macho mazuri aje atusomee?